Mizani ya Vifuu kwa Watoto wa Chekechea

Kwa Mhariri,

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unataka mtoto ajifunze kwa kutenda, lakini katika chekechea anakosoma mjukuu wangu somo la uzito bado ni picha ya tembo na sisimizi ubaoni.

Vifaa havina gharama. Fimbo iliyofungwa uzi katikati, na kifuu cha nazi kikining'inia kila ncha, yatosha kuwa mizani. Mtoto akijaza makumbi upande mmoja na kutia kokoto chache upande wa pili, ataona kokoto zikishuka, na hapo ndipo atakapotenganisha ukubwa na uzito, jambo linalotuponyoka hata sisi watu wazima tununuapo mkaa kwa debe. Kisha mizigo isawazishwe, uzi usogezwe kidogo, naye aulizwe kwa nini fimbo imelala upande ilhali mizigo haikubadilika. Asijibiwe upesi.

Wapelekwe pia sokoni Marikiti wakatazame mizani ikisawazishwa kwa jiwe la kilo 1, au ufuoni, wakaone jinsi matengo, zile mbao za ubavuni, yanavyoizuia ngalawa isipinduke.

Babu wa mwanafunzi,
Mombasa