Risala ya Klabu ya Mdahalo kwa Mgeni Rasmi: Diplomasia ya Nyuklia, Faida na Hasara Zake

Mheshimiwa mgeni rasmi, mwalimu mkuu, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Mada iliyotukeshesha muhula huu ni diplomasia ya nyuklia, yaani mazungumzo na mikataba ya mataifa ya kupunguza na kuzuia silaha za nyuklia, na hadi leo klabu yetu haijaafikiana.

Mheshimiwa, faida zake zinaonekana. Katikati ya miaka ya 1980 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia, yaani mabomu ya nyuklia yanayobebwa na makombora au ndege, zaidi ya 60,000. Sasa vimebaki kama 12,000. Mkataba waliotia saini Rais Reagan wa Marekani na kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, Gorbachev, mwaka 1987 peke yake uliteketeza makombora 2,692, huku wakaguzi wa kila upande wakishuhudia.

Kilichotuvutia zaidi ni kazi ya wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki, lenye makao yake Vienna. Mkaguzi huingia kiwandani na kitambaa cha pamba, akapangusa mashine au ukuta, akakifungia kwenye mfuko, kikapelekwa maabara. Vumbi lisiloonekana kwa macho linatosha kufichua urani, madini ya nyuklia, imerutubishwa kwa kiwango gani; kadiri kiwango kinavyopanda, ndivyo inavyokaribia kufaa kwa bomu. Kazi hiyo hakuna jeshi linaloifanya kwa mabomu.

Hasara nazo si haba. Mkataba wa mwaka 1968 wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia unayatambua mataifa matano tu kuwa nazo, nayo yaliahidi kujadiliana ili kuziondoa. Zaidi ya nusu karne imepita, bado yanazo, na yanawahubiria wengine! Korea Kaskazini ilitangaza kujitoa katika mkataba huo mwaka 2003, na mwaka 2006 ikafanya jaribio lake la kwanza. Iran ilikubaliana na mataifa makubwa, ikiwemo Marekani, mwaka 2015 isivuke asilimia 3.67 katika kurutubisha urani. Marekani ikajitoa katika makubaliano hayo mwaka 2018, na kufikia mwaka 2021 Iran ilikuwa imefika asilimia 60.

Ubishi mkali kuliko wote ulihusu Ukraine. Mwaka 1994, mjini Budapest, ilikubali kuachana na silaha za nyuklia zilizobaki katika ardhi yake baada ya Muungano wa Kisovieti kuvunjika, na Urusi, Marekani na Uingereza zikaahidi kuheshimu mipaka yake. Mwaka 2014 Urusi ikaitwaa Crimea, rasi ya Ukraine. Wapinzani wa hoja wakauliza: baada ya hapo, nani atasalimisha silaha? Watetezi wakaitaja Afrika Kusini, iliyounda mabomu sita, ikayavunja yenyewe, kisha ikajiunga na ule mkataba wa 1968 mwaka 1991. Ni jibu zuri, ingawa Afrika Kusini haikuwa na jirani mwenye nyuklia.

Kwa maoni ya wengi wetu, mazungumzo yaendelee, ila ahadi isiyo na mkaguzi isiitwe mkataba.

Mheshimiwa, tuna maombi mawili. Kwanza, utusaidie kumpata mtaalamu wa mambo ya nje aje kuzungumza nasi. Pili, utakapojibu risala hii, utuambie: ungekuwa kiongozi wa Ukraine mwaka ule wa 1994, ungetia saini?

Naomba kuwasilisha.