Habari yenu imemrudisha baba kwenye sukari

Mhariri,

Nimelisoma gazeti hili miaka 19 bila kuwaandikia hata mstari. Habari yenu kuhusu vitamu bandia na saratani ndiyo iliyonitoa kimya.

Ni kweli, Julai 2023 IARC, shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, liliiweka aspatemu, kitamu bandia kinachotiwa kwenye soda zisizo na sukari, kundi la 2B, yaani huenda inasababisha saratani. Lakini siku ileile kamati ya wataalamu ya WHO na FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, ilisema haioni sababu ya kubadili kiwango cha siku kinachokubalika: miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito wa mwili. Mtu wa kilo 70 angehitaji makopo 9 hadi 14 ya soda isiyo na sukari kwa siku ili akivuke. Kichwa chenu cha habari kilimeza nusu ukurasa, kiwango hamkukitaja popote.

Baba yangu ana kisukari. Alikata ile habari kwa mkasi, akaibandika mlangoni pa kabati, kisha akakibonyeza kile kikasha cha vidonge vyake vya kitamu bandia vya kutilia chai, kidonge baada ya kidonge, mpaka vyote vikaishia kwenye sinki. Mimi sikuwapo. Nilipofika wiki mbili baadaye nilimkuta anakoroga vijiko viwili vya sukari, ananiambia kwa utulivu kabisa, "Bora sukari, mwanangu, kuliko saratani." Nikamtoboa kidole. Mashine ya kupima sukari ikasoma 19.2, juu mno. Mzee aliyejitunza miaka 11, anayepima unga wake wa uji kwa kikombe, karibu alazwe kwa ajili ya hofu mliyomuuzia ninyi! Na hofu hiyo bado haijamtoka. Mpaka leo nikimwekea kidonge ananitazama kama ninayemtilia sumu.

Wenye viwanda nao wasijifiche nyuma yenu. Biskuti zimeandikwa HAINA SUKARI, wakati unga uliomo unapandisha sukari ya damu vilevile, na malititoli, kitamu wanachotia badala ya sukari, nayo inapandisha, ingawa si kama sukari. Binti yangu alimaliza pakiti ya peremende za namna hiyo akashinda chooni. Onyo kwamba zikizidi zinaharisha lilikuwa chini ya mkunjo wa karatasi, kwa herufi ndogo kuliko punje ya ufuta. Hapohapo ndipo wanapowaonya waliozaliwa na PKU, ugonjwa wa kurithi ambao mwili hauwezi kuvunja kiini kimoja kilichomo kwenye aspatemu, na ambao kwao aspatemu ni hatari ya kweli. Hao ndio wa kuandikiwa nusu ukurasa.

Naomba lipitishwe hili: onyo liwe na herufi za ukubwa uleule wa HAINA SUKARI, upande uleule wa pakiti. Nanyi, mkichapa neno saratani kwenye kichwa cha habari, kiwango kikae mstari unaofuata, wino uleule. Masahihisho ya habari hii yatoke ukurasa wa kwanza, baba ayasome bila miwani. Mkasi ninao, nitayabandika mwenyewe juu ya ile ya kwanza.

Msomaji wenu wa miaka mingi