Risala ya Wakuza Miche ya Dawa wa Moshi Vijijini kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Upandaji Miti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Viongozi wa kata na kijiji, wazee wetu waganga wa tiba asili, walimu, wanafunzi na wanakikundi wenzetu,

Karibu kitaluni. Miche iliyo mbele yako ni ya aina nne tu: mkondekonde (Prunus africana), mkulo ambao Wachagga tunauita mseri (Ocotea usambarensis), osokonoi wa Wamaasai (Warburgia ugandensis) na msandali (Osyris lanceolata). Mwarobaini hatukuuweka, kwani hauna shida; ukichumwa majani leo, utachipua tena. Hii minne hutafutwa gome au mzizi, na hapo ndipo mti unapopotea.

Tuanze na mkondekonde. Gome lake hutengenezwa dawa ya kupunguza dalili za kuvimba kwa tezi dume. Haitibu saratani ya tezi dume, ingawa sokoni utasikia hivyo. Mzee anayekojoa kwa shida aende kwanza hospitali akapimwe. Wanunuzi wa Ulaya wamelitafuta gome hili tangu miaka ya 1960, na tangu 1995 biashara yake ya kimataifa iko chini ya mkataba wa CITES, Kiambatisho cha Pili, yaani halivuki mpaka bila kibali.

Chakula kinachotengenezwa na majani hushukia mizizini kupitia gome la ndani. Gome likichunwa kuzunguka shina zima, mizizi hufa njaa. Mti unaweza kubaki na majani kwa miezi kadhaa, kisha unakauka kuanzia kileleni, na aliyeuchuna alishaondoka akiamini hakuua kitu. Anayetaka gome na mti pia, asiguse shina lenye kipenyo chini ya sentimita 30 usawa wa kifua. Agawe mzunguko wa shina sehemu nne, achune mbili zinazotazamana, na panga lisifike kwenye mbao. Ule utando mwembamba unaoteleza chini ya gome ndio unaozaa gome jipya. Ukikwanguliwa, kidonda hakifungi na wadudu huingia. Sehemu mbili zilizobaki zisubiri. Zamani ilisemwa miaka minne au mitano inatosha, lakini kwa miti mingi ni michache mno. Sisi tunasema isipungue 7.

Mbegu zake ndizo zinazowashinda wengi, kwa sababu huzifanyia kama mahindi: wanazianika juani, wanazifunga kwenye mfuko, wanasubiri mvua. Mbegu ya mkondekonde ikikauka sana hufa. Okota tunda lililoiva na kugeuka jekundu hadi zambarau, siku hiyohiyo libonyeze ndani ya maji uondoe nyama, tandaza mbegu kivulini zikauke maji ya juu tu, kisha sia mapema kadiri uwezavyo. Chipukizi huanza kuonekana baada ya wiki nne hadi sita, kwa hiyo usifukue tuta wiki ya tatu kutazama. Udongo wa viriba, yaani mifuko ya kuoteshea miche, ni sehemu tatu za udongo wa juu, moja ya samadi iliyooza vizuri na moja ya mchanga. Samadi mbichi huunguza mizizi, na maji mengi jioni huleta kuoza kwa shina pale linapotoka ardhini, mwagilia asubuhi. Mzizi ukitoboa kiriba, inua mche ukate, la sivyo unajikunja chini na mti utaanguka ukubwani. Na mbegu zisitoke kwenye mti mmoja uliopo karibu na nyumba. Tunataka walau miti mama 10 iliyoachana, ili miche isiwe ndugu wa tumbo moja.

Mkulo hauhitaji maneno mengi. Mbegu zake nyingi huharibiwa na wadudu kabla ya kuiva, hivyo tunategemea machipukizi ya mizizi, yanayochimbwa masika pamoja na kipande cha mzizi wa mama.

Osokonoi mbegu zake zina mafuta na haziwekeki. Zisiwe na siku nyingi nje ya tunda. Majani yake yanawasha ulimi kama gome linavyowasha, na tunawashauri waganga watumie majani badala ya gome. Wazee wetu wana mashaka kama nguvu ni ileile. Mashaka hayo ni ya haki, na tutayarudia hapa chini.

Msandali, ulioingizwa CITES 2013 kwa Afrika Mashariki, ndio mgumu kuliko yote. Hung'olewa na mizizi yake kwa ajili ya mafuta, kwa hiyo hakuna kisiki cha kuchipua. Miti dume na jike ni tofauti. Kilima kikibaki na dume tupu, mbegu hakuna. Tena mti huu hunyonya mizizi ya jirani. Mche ulio peke yake kwenye kiriba huanza vizuri, halafu unageuka njano, na watu hudhani ni upungufu wa mbolea. Dawa yake ni kupanda mti mwenyeji, yaani wa kunyonywa, ndani ya kiriba hichohicho, kama Dodonaea viscosa au Rhus natalensis, na kuupunguza matawi usiuzidi mche.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tuna maombi matatu. Msitu wa Kilimanjaro uliunganishwa na Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Tunaomba utusaidie kupata kibali cha kuokota matunda yaliyoanguka, tukiwa na askari wa hifadhi, katika msimu wa kuiva tu. Pili, utuunganishe na Taasisi ya Tiba Asili ya Muhimbili, majani na gome la osokonoi vipimwe, wazee wetu wapate jibu. Tatu, wavu wa kivuli na tangi la maji la lita 5,000, kwani mfongo, yaani mfereji wetu wa maji, hukauka Septemba, na ndio mwezi miche inapokunywa sana.

Kila mwanafunzi aliyepo ataondoka na mche mmoja wa mkondekonde wa kupanda mpakani mwa kihamba, yaani shamba la nyumbani, mbali na paa la nyumba. Wa kwanza tunaomba uupande wewe, shimo lipo tayari pale kando ya mfongo.

Tunaomba kuwasilisha.