Karanga ulizoagiza sijanunua

Dodoma, Jumapili jioni

Shoga yangu,

Salamu nyingi kwako na kwa wanao. Barua yako niliipata, na lile swali lako nimeliona tena: tangu niache wodi nikaja Chuo Kikuu cha Dodoma kusomea afya ya jamii, wagonjwa wangu ni nani sasa? Mara ya kwanza nilicheka tu kwa kukosa jibu. Safari hii nimerudi nalo kutoka vijiji vya wilaya ya Chemba, na vumbi lake lote.

Unakumbuka 2016? Watu wa Dodoma na Manyara walianza kufika hospitali macho ya manjano, matumbo yamejaa, na wengine wakafa. Chanzo kikaonekana ni mahindi waliyolima na kuhifadhi wenyewe, yaliyoingia sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu. Sumu hiyo inapiga ini, na hata usonge ugali uive namna gani, haitoki. Hiyo ndiyo ninayoifuata majumbani, kabla mwenye nyumba hajafika kwako wodini.

Wiki mbili nzima nimeshinda na bambo mkononi, kile chuma cha kutolea punje ndani ya gunia. Unachoma gunia juu, katikati, chini na ubavuni, maana sumu haikai sawasawa. Punje chache tu zinaweza kubeba karibu yote, na ukichota kiganja kimoja cha juu utaandika "salama" kumbe wapi. Siku ya kwanza msimamizi wetu alinirudisha kwenye magunia sita kwa uvivu wangu. Nilistahili.

Ila kilichoniumbua ni dodoso. Swali la nne linauliza: "Umewahi kusikia kuhusu sumukuvu?" Bibi mmoja akasema hajawahi, nikatia alama, nikafunua ukurasa. Muda wote huo alikuwa na ungo mapajani, anachambua mahindi bila hata kuyatazama, macho yapo kwangu. Nzima huku, iliyopasuka, yenye weusi au ukijani, kule. Nikamuuliza mbona anazitenga.

"Hizo zimeoza, mjukuu wangu. Tangu kwa mama yangu hatuzipiki."

Yaani huyo niliyemwandikia "hajui" ndiye anafanya kile tunachokwenda kufundisha! Kuchambua hivyo kunapunguza sumu kwa kiasi kikubwa. Nikaona aibu, lakini nikauliza tena: zikishatengwa, zinakwenda wapi?

"Za kuku. Zikiwa nyingi tunapikia pombe."

Shoga, kalamu ilinitoka: kumbe sumu inarudi nyumbani kwa mlango mwingine! Swali hilo kwenye dodoso letu halimo kabisa. Usiku tulikaa na wenzangu kwenye mwanga wa simu tukaliongeza, asubuhi tukaanza kurudi nyumba zote tulizokwisha pita. Mguu wangu wa kushoto haujapona mpaka leo.

Na hili la turubai linaniudhi. Tunawaambia wasianike mahindi chini kwenye udongo, waanike juu ya turubai. Nyumba moja turubai walikuwa nalo kweli: limeezekea jiko. Ungemwambia nini mama yule? Mimi nilikunywa maji niliyopewa nikanyamaza.

Ndiyo maana siku hizi nasoma sana habari za Kongwa. Watafiti wamekuwa pale kwa miaka mingi wakifuatilia trakoma, vikope hivi vyetu. Utafiti wao mmoja uliochapishwa 1995 ulionyesha kwamba watoto waliotibiwa, kisha nyuso zao zikawa safi siku hadi siku, walipata vikope vikali kwa uchache kuliko wenzao. Kunawa uso tu, basi, lakini katika nchi ambayo ndoo ya maji inafuatwa mbali. Mtu hawezi kuyajua hayo akikaa wodini akisubiri kope zigeuke ndani.

Mjomba wako bado anapeleka mahindi soko la Kibaigwa? Muulize anayaanika wapi, na umuulize kwa upole, unamjua.

Zile karanga ulizoagiza sijanunua. Nilifika mpaka kwa muuzaji, nikaingiza mkono kwenye gunia, nikaanza kuchambua mbele yake hadi akaniuliza kama mimi ni bwana afya. Nazo zinaingia sumukuvu, basi nikaondoka. Nitakuletea zabibu.

Wako,
shoga yako wa Dodoma