Fremu ya picha imechakaa? Soma kabla hujalitikisa kopo

Fremu zinazoharibikia nyumbani kwa rangi ya kupuliza, mara nyingi rangi yenyewe haina kosa. Kosa lilishafanyika kopo likiwa bado na mfuniko: fremu haikutolewa mafuta, haikupigwa msasa, au ilikuwa fremu isiyotakiwa kupulizwa kabisa. Kupuliza ni kazi ya dakika tano. Maandalizi na kusubiri ndiyo yanayokula siku mbili au tatu, na hapo ndipo watu wengi wanapokosa subira.

Anza kwa kuijua fremu yako imetengenezwa kwa nini. Hapa Tabora si ajabu kukuta fremu ya zamani ni mninga mtupu, umejificha chini ya masizi na vanishi iliyogeuka nyeusi. Kwangua kidogo kwa wembe upande wa nyuma. Ukiona mbao ya kahawia yenye wekundu na mistari mizuri, rudisha kopo kabatini. Kuufunika mninga kwa rangi ni hasara, na mninga wenyewe haukubali kirahisi: una rangi ya asili ndani yake, na ukiupiga nyeupe bila praima (rangi ya kutangulia) ya kuzuia madoa, baada ya muda utaona mawingu ya kahawia yanachungulia. Fremu ya namna hiyo itoe vanishi ya zamani, ipige msasa, kisha ipake vanishi mpya au nta ya nyuki, ambayo mkoa huu haina uhaba. Ila amua moja. Fremu ikishapakwa nta, rangi haiishiki tena mpaka nta yote itolewe kwa kitambaa na tapentaini, mara mbili au tatu, ukibadilisha kitambaa.

Zile za dhahabu zenye maua, nyepesi mno mkononi, ni hatari ya aina nyingine. Nyingi ni za povu gumu, ndugu wa lile boksi jeupe la kubebea samaki wa barafu. Rangi ya kopo ina vimumunyisho vinavyoila povu hilo; ua linayeyuka na kubaki shimo. Pulizia tone moja nyuma, subiri nusu saa. Pakilainika au kubonyea, tumia rangi ya maji kwa brashi. Fremu za zamani zenye maua ya plasta nazo usizioshe kwa maji wala kuzisugua kwa nguvu. Zipanguse vumbi kwa brashi laini ya kupakia rangi. Za MDF, yaani ubao wa unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, zinapulizika vizuri, lakini kingo zake hunywa rangi kama mchanga, na zikilowa huvimba na hazirudi.

Kufungua

Laza fremu kifudifudi juu ya blanketi lililokunjwa. Misumari midogo ya nyuma inyanyue kwa kisu butu, kisha ivute kwa koleo sambamba na ubao, si kwa kuinua juu, maana ukiinua unakipa kioo mzigo na kitapasuka. Toa hadibodi, toa picha, toa kioo.

Picha ya karatasi ikiwa imeganda kwenye kioo, usiivute. Unyevu uliingia miaka mingi nyuma, na ule utando wa juu wa picha umejishikiza kwenye kioo; ukivuta, uso wa babu unabaki kwenye kioo na karatasi nyeupe inabaki mkononi mwako. Iache na kioo chake, ipige picha upya ikiwa vilevile ndani ya kioo, halafu ndipo uamue.

Kuosha na kukarabati

Fremu ya sebuleni karibu na jiko ina mafuta hata kama huyaoni. Lita moja ya maji ya uvuguvugu, kijiko kimoja cha chakula cha sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, kitambaa kilichokamuliwa hadi hakidondoshi. Futa, kisha futa tena kwa maji matupu. Usiloweke: maji yakiingia kwenye kona, gundi ya zamani inaachia. Ilale usiku kucha pakavu. Na tangu hapo ishike kwa mikono isiyo na losheni, kwa sababu alama ya kidole chenye mafuta itajionyesha baadaye kama tundu la mviringo ambalo rangi inalikimbia. Dawa za kung'arishia fanicha zenye silikoni huleta balaa hilohilo, tena kubwa zaidi.

Kona iliyolegea tia gundi nyeupe ya mbao, kisha funga fremu nzima kwa mpira wa ndani wa baiskeli uliokatwa utepe wa sentimita 2, ukiuzungusha na kuukaza. Hakuna jiliwa la bei rahisi kuliko hilo. Kabla gundi haijakauka, pima ulalo wa kona hadi kona, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, fremu imekaa mshazari na kioo hakitaingia. Sukuma kona ya ulalo mrefu mpaka vilingane, uache saa 24. Matundu ya misumari yazibe kwa puti ya mbao, uijaze kidogo kupita kiasi kwa kuwa hunywea ikikauka.

Kama fremu ina rangi ya zamani, chora alama ya X kwa wembe, bandika selotepu juu yake, ibonyeze na uivute ghafla. Ikitoka na magamba, rangi hiyo yote lazima iondoke. Ukipuliza juu yake umejenga nyumba juu ya makapi. Rangi za zamani sana huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, kwa hiyo usizisugue kavu: lowesha msasa, vaa barakoa, na mabaki yafungwe kwenye mfuko, watoto wakae mbali. Kwa fremu ya kawaida anza na msasa namba 180, malizia na 320. Lengo si kumaliza mbao, ni kuua mng'ao. Ukiinamisha fremu kwenye mwanga ukaona doa linalong'aa, hapo rangi haitashika. Vumbi lipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Mahali, saa na kopo

Kiangazi chetu kina vumbi, na upepo ukishaanza kuvuma katikati ya asubuhi, kila chembe inatafuta rangi mbichi. Puliza mapema, umande ukishakauka na upepo ukiwa bado umetulia, kwenye kivuli cha ukuta, si juani: fremu ikipata moto, rangi hukauka kabla haijajilaza na kubaki na uso wa unga. Nyunyiza maji chini kwanza kutuliza vumbi. Kivuli cha mwembe kinavutia, lakini ukiwa umechanua hudondosha vumbi la maua na majimaji yanayonata, na sisimizi hawakosi. Kati ya Novemba na Aprili subiri siku kavu. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, rangi, hasa vanishi na nyeusi, hupata ukungu mweupe.

Kuhusu kiasi: fremu ya picha ya sentimita 30 kwa 40, yenye ubao wa upana wa sentimita 4, ina eneo la karibu moja ya kumi ya mita ya mraba ukihesabu uso na ubavu. Kopo la mililita 400 kwa kawaida hufunika kama mita ya mraba moja na nusu kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, kwenye kitu bapa, lakini kwenye ubao mwembamba karibu nusu ya rangi inakwenda hewani. Kwa mikono mitatu, kopo moja ni fremu mbili, tatu kama mkono wako mtulivu. Ukiwa na fremu sita za ukuta mmoja, nunua makopo yote siku moja, kwa sababu rangi ya jina moja huweza kupishana kidogo.

Litikise kopo dakika mbili kamili baada ya kusikia gololi imeanza kugonga. La dhahabu au fedha, dakika tatu, na ulitikise tena kila baada ya mkono, maana chembe zake ni nzito na hutuama. Jaribu kwanza kwenye boksi.

Inua fremu juu ya vizibo vinne vya chupa ili isigande chini. Anza na kingo za ndani na za nje, uso umalizie. Umbali ni shubiri moja, yaani sentimita 20 hadi 25. Bonyeza ukiwa nje ya fremu, pita bila kusimama, achia ukishatoka upande wa pili. Anayebonyeza akiwa juu ya ubao anaacha dimbwi, na dimbwi huchuruzika. Mkono wa kwanza uwe mwepesi kiasi kwamba mbao bado inachungulia. Utakuwa mbaya kutazama, na hivyo ndivyo unavyotakiwa. Dakika 10 hadi 15, mkono wa pili, kisha wa tatu.

Soma maelezo ya kopo kuhusu muda wa kurudia. Makopo mengi yanakutaka umalize mikono yote ndani ya saa moja, au usubiri siku nzima na zaidi. Ukirudia katikati ya hapo, ngozi ya juu imekauka na ya chini bado laini. Kimumunyisho kinapenya, inavimba na kujikunja kama ngozi ya maziwa. Ikikunjamana usiongeze rangi. Acha siku mbili, piga msasa mpaka pasawazike, anza upya. Michuruziko nayo ni hivyohivyo: usiiguse ikiwa mbichi.

Kwa fremu yenye makovu chagua rangi isiyong'aa, itakusitiri. Inayong'aa hutangaza kila tundu. Na dhahabu usiifunike kwa vanishi bila kujaribu pembeni, kwa sababu mara nyingi hufifia.

Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke wa rangi, kwa hiyo kazi hii ni ya nje. Jiko la mkaa lizimwe au liwe mbali kabisa. Kopo lisiachwe juani wala ndani ya gari, na likiisha usilitupe kwenye shimo la kuchomea taka, litalipuka. Kabla ya kulihifadhi, lipindue na ubonyeze mpaka itoke hewa tupu, la sivyo tundu litaziba na wiki ijayo litakutemea matone.

Kioo kirudishe baada ya saa 24 kwa uchache, 48 ni salama zaidi. Rangi laini hukishika kioo na siku ya kukitoa inabanduka. Weka kipande chembamba cha kadi pembeni ili picha isigusane na kioo, na nyuma ziba mwanya wote kwa utepe wa karatasi kuzuia vumbi na wadudu. Kioo kikiwa kimepasuka, tuletee sisi wakata vioo fremu yenyewe badala ya kipimo cha kioo cha zamani: tunapima mfereji wa ndani na kukata pungufu ya milimita 2, kwa urefu na kwa upana.