Vueni fulana kabla ya kubisha hodi: barua ya wazi kwa watetezi wapya wa manusura wa ukatili wa kingono

Wanangu,

Nawaandikia nikiwa na hasira. Nimelala nayo siku nne, nikadhani itapoa, haikupoa.

Siku ya pili ya mafunzo yenu nilikaa nyuma kabisa ya ukumbi. Niliwaona mkiandika neno "usiri" kwenye madaftari na kulipigia mstari mara mbili. Nikafurahi. Nikasema moyoni, hawa watatupokea mzigo. Wiki haijaisha, wawili wenu wakaenda kumtembelea dada mmoja aliyebakwa na mtu anayemjua. Mwenyewe ameniruhusu niyaandike haya, mradi nisitaje mtaa wala kazi yake.

Anaishi nyumba ya wapangaji, vyumba vinane, ua mmoja, choo kimoja. Walifika saa kumi alasiri, saa ambayo uani hapatoshi: huyu anakuna nazi, yule anamsuka mtoto, mwingine anangoja zamu ya bomba. Wakaingia na fulana mpya za rangi ya chungwa, mgongoni PINGA UKATILI kwa herufi za kusomeka toka ng'ambo ya barabara. Wakabisha hodi, wakamwulizia kwa jina lake kamili. Mama aliyekuwa kwenye mbuzi akaacha kukuna. Dada ameniambia kwamba sauti ile ya nazi ilipokatika, akajua imekwisha.

Wakakaa chumbani kwake, mlango pazia, juu hakuna dari, maneno yanaruka ukuta kama moshi. Wakafungua fomu wakaanza na tarehe ya tukio. Walipomaliza wakaomba picha ya ripoti, "sura hatutaionesha." Wakapiga picha ya mgongo wake akiwa na khanga ambayo nyumba nzima inaijua, maana ndiyo anayoianika kila Jumamosi. Usiku huohuo ndugu wa mtuhumiwa walikuwa getini. Kesho yake mama mwenye nyumba akasema hataki mambo ya polisi kwake. Kodi alilipa miezi sita, alikuwa amekaa miwili.

Sasa nisikilizeni. Siwatukani. Wale wawili nimeongea nao, wamelia, na najua walikwenda kwa moyo mweupe. Lakini moyo mweupe haukumrudishia dada yule kodi yake. Dar es Salaam si mji wa kuta nene. Hapa watu wanasoma mgeni kabla hajafungua mdomo: wanasoma gari lenye nembo, daftari kwapani, kitambulisho shingoni. Kwa hiyo siri ya manusura inaanza kutunzwa ukiwa bado nyumbani kwako, unapochagua nguo. Fulana vaeni kwenye maandamano ya siku 16 za kupinga ukatili, Novemba 25 hadi Desemba 10, mkavimbe kifua barabarani. Kwa manusura nenda kama wanavyokwenda shangazi zake.

Tena usiende kabla hujamwuliza anataka mkutane wapi. Mmoja atakwambia kliniki siku ya kupima mtoto, kwa sababu pale kila mwanamke ana sababu ya kuwepo. Mwingine atasema saluni kwa dada yake. Ukipiga simu, uliza kwanza, "Naweza kuongea sasa?" Akipokea mwanamume, uwe na neno lako tayari: unauliza habari za kikoba, au umekosea namba. Jina lake lisiwemo kwenye simu yako kama "dada wa kesi", maana simu yako inashikwa na mumeo, na wanao, na fundi wa vioo. Na lile kundi la WhatsApp mlilofungua siku ya mwisho ya mafunzo, nimeliona. "Kesi ya leo binti miaka 14, Std 7, baba wa kambo." Mtu wa mtaa ule anahitaji nini tena? Lifuteni leo.

Na nyinyi viongozi wa miradi mnaosoma barua hii kwa pembeni, msidhani nimewasahau. Nani aliyewatuma watoto hawa wakapige picha? Mmewapa fulana, posho ya nauli na hesabu ya kufikia, mtetezi mmoja wanufaika kadhaa kwa mwezi. Mtu akihesabiwa kwa vichwa atatafuta vichwa. Mfadhili anayetaka picha ya mgongo wa mwanamke aliyebakwa ili aamini kwamba kazi imefanyika, mwambieni hapana. Mkishindwa kumwambia, nileteeni namba yake nimwambie mimi.

Niwaambie na langu, msije mkadhani sijawahi kuumiza mtu. Nilikuwa muuguzi miaka 31. Miaka ya tisini mama mmoja alimleta mtoto wake wa miaka sita, amemwogesha, amempaka mafuta, amemvalisha gauni la Idi. Nikamwambia kwa sauti ya wodini, "Kwa nini umemwogesha? Umeosha ushahidi!" Yule mama alikuwa ameshika kiatu kimoja cha mtoto, akakigeuzageuza mkononi, hakusema neno tena mpaka wakaondoka. Alichofanya ni kile ambacho mama yeyote angefanya: kumsafisha mwanawe. Kwenye kliniki ya marudio hakuja. Nilimtafuta, sikumpata.

Ndiyo maana siwezi kuwavumilia mkiuliza "kwa nini". Kwa nini ulipita njia ile, kwa nini hukupiga kelele, kwa nini umesema leo. Hayo maswali ana mtaa mzima wa kumwuliza. Wewe mwambie: pole, nimekusikia, kosa si lako. Halafu nyamaza. Kimya kikiwa kirefu, kiache kiwe kirefu, msikijaze kwa aya za vitabu vya dini wala kwa habari ya jirani aliyepona.

Mengine mmeshafundishwa, nayataja tu. Dawa za kuzuia VVU, zile mnazoziita PEP, zianze ndani ya saa 72 tangu tukio, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake. Ni siku 28, zinachafua tumbo, kwa hiyo mpigie siku ya tatu na ya tano, hapo ndipo wengi huziacha. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba vimezwe kabla ya siku tano kupita tangu tukio, na kuwahi ni bora. Nguo zisifuliwe, ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, si mfuko wa plastiki, maana humo zinapata unyevu na kuoza. PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, haiuzwi, mkiombwa hela ya karatasi, ulizeni Dawati la Jinsia na Watoto la polisi, na kama hapo hakuna, ombeni kumwona mkuu wa kituo. Penye Kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Amana, mpelekeni huko, daktari, polisi na ustawi wa jamii awakute pamoja, asisimulie mara tano. Habari za mtoto, pigeni simu 116.

Mahakamani msiahidi jela. Sheria ipo, na ni kali tangu ile ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998, ambayo TAMWA, chama cha wanahabari wanawake, na wanawake wengine waliipigania: mtu mzima akikutwa na hatia ya kubaka, kifungo hakipungui miaka 30, na aliyembaka mtoto wa chini ya miaka 10 ni maisha. Na ushahidi wa manusura peke yake unaweza kutosha, mahakama ikiridhika kwamba anasema kweli. Lakini kesi inaahirishwa. Shahidi hana nauli, mpelelezi kahamishwa, daktari yuko safari. Kazi yako siku hiyo ni kukaa naye kwenye benchi na chupa ya maji, na kuhakikisha hakai benchi moja na mama wa mtuhumiwa.

Wala msidhani adui ni mbakaji tu. Yuko mjomba anayekuja usiku na bahasha, anasema tuyamalize nyumbani, sisi ni ndugu. Yuko mjumbe anayewapatanisha kwa soda na makubaliano ya kuandikishana. Wako wazee wenzangu, nasema kwa uchungu, wanaomwambia binti afiche ili asikose mume. Utafiti wa taifa wa mwaka 2009 ulikuta karibu wasichana watatu kati ya kumi, na mvulana mmoja kati ya saba, walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hao wamo kwenye daladala unayopanda, na kwenye safu uliyoswalia au kusali. Na wavulana hao mnawasahau, kwenye mafunzo hamkuwataja hata mara moja.

Mkichoka, semeni mapema. Msimwache manusura katikati kwa kuzima simu.

Jumapili nimekwenda kumwona yule dada alikohamia. Nilibeba kapu, mchicha na nazi mbili, nimejifunga khanga yangu ya kila siku. Aliyenifungulia geti aliniangalia juu mpaka chini, akaita kwa sauti, "Wifi, shangazi yako kaja!" Nikaingia. Tukachambua mchicha mpaka magharibi, na la tukio hatukuligusa.

Mama yenu, muuguzi mstaafu,
Temeke