Kwa vijana wa bodaboda: aliposema "sikumwona"

Vijana wangu wa kijiweni, salaam.

Juzi mlimzingira dereva aliyemgonga mwenzenu akikata kona ya kulia. Kila aliposema "sikumwona" hasira zenu zilipanda. Mchana kweupe, atashindwaje kumwona? Mimi mzee wenu, niliyeendesha malori mpaka magoti yakanigomea, niliwahi kulitamka neno hilo hilo mbele ya kijana aliyelala chini ameshika mguu. Hakuna aliyeniamini, hata mke wangu. Nilikuwa nimetazama, wallahi, na barabara niliyoiona ilikuwa tupu.

Chukueni kioo cha pikipiki. Tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, urudi tena. Hutayaona macho yako yakisogea hata kidogo, ilhali aliyesimama pembeni anayaona yakicheza. Jicho linaporuka, ubongo huizima picha kwa sehemu ndogo ya sekunde, halafu huziunga pande mbili usijue kuna kilichokatwa. Dereva akirusha macho haraka kushoto na kulia, pikipiki nyembamba inaweza kupotelea humo. Basi halipotei, ni kubwa mno.

Tena nyoosheni mkono mtazame ukucha wa dole gumba. Eneo ambalo jicho linaona kwa ukali kabisa ni kama upana huo tu. Kwingine kote ni ukungu, na ubongo huujaza kwa yale uliyoyazoea. Dereva aliyezoea kuogopa malori hutafuta malori.

Kwa hiyo akikutazama usoni usihesabu kwamba amekuona. Mwaka 1999 Marekani, wanasaikolojia Simons na Chabris waliwaonyesha watu video, wakawaambia wahesabu pasi za mpira. Katikati akapita mtu aliyevaa vazi la sokwe. Karibu nusu yao hawakumwona.

Sisemi dereva hana kosa. Alipaswa kutazama mara mbili, taratibu. Lakini ninyi ndio mnaovunjika mifupa, basi washeni taa hata mchana, na kwenye makutano ondoeni mkono kwenye mafuta.

Na ninyi mnaobana simu ndani ya helmeti! Macho yako barabarani, sawa, ila akili iko kwa unayeongea naye, na ubongo wenu ni huo huo uliopitwa na sokwe. Kwa mwendo wa kilomita 60 kwa saa, sekunde moja ya kushtuka ni karibu mita 17, na breki bado hujaigusa.

Yule dereva mwacheni kwa trafiki. Kijana niliyemgonga mimi anachechemea mpaka leo. Tukikutana sokoni hunipa shikamoo, nami huitikia, lakini hajawahi kuniambia kama ananiamini.

Mzee wenu wa malori